Mwiko Ulikuwa kwa Nani

Kila ninapoanua nguo jioni nikavisikia vibanio vikigongana ndani ya kopo, ta, ta, ta, mwili wangu hubaki uani kwangu Chanika, lakini mwenyewe huwa nimeshaondoka. Nimerudi Mbagala, darasa la tano, dawati la karibu na dirisha lisilo na kioo, na Madam Koku anaingia mlangoni huku vibanio vya nguo vimebana ukingo wa blauzi yake kuanzia shingoni hadi kiunoni. Vya bluu, vya njano, vyekundu. Mtu asiyemjua angedhani amekatishwa kazi ya kufua akaja kufundisha hivyo hivyo.

Naomba niwasimulie habari za mwalimu huyu, maana kuna jambo alilolifanya nikiwa mtoto ambalo nililielewa nusu tu, na nusu hiyo ndiyo niliyotembea nayo miaka mingi nikidhani ni nzima.

Jina lake kamili lilikuwa Kokushubila, lakini sisi watoto wa Mbagala ulimi ulituteleza, akawa Madam Koku. Alikuja shuleni kwetu muhula ukiwa umeshaanza, mwembamba, mrefu, na Kiswahili chenye milima na mabonde ya Kagera. Shule yetu ilikuwa ya binafsi, ya kufundisha kwa Kiingereza, majengo mawili ya matofali yaliyotazamana na jiko la mabati katikati. Mimi nilikuwa nimehamia hapo kutoka shule ya serikali. Mama yangu, mshona nguo mwenye asili ya Newala, alikuwa amejinyima sana kunipeleka, na baba mdogo akamsaidia. Kwa hiyo niliingia darasani na sare mpya iliyoshonwa kwa mkono wa mama, na Kiingereza kisichotosha hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Getini palikuwa na amri moja kuu: ukishapita hapo, Kiswahili unakiacha nje. Ukikamatwa unakiongea, unafagia.

Nilifagia sana.

Madam Koku alikuwa na njia yake ya kufundisha. Alifunga kamba ya kuanikia kutoka nondo ya dirisha hadi msumari wa ukutani, akaandika maneno kwenye vipande vya manila, akayaanika kama soksi. Somo lililotusumbua siku hizo lilikuwa vikundi vya maneno vinavyoanza na vile vineno vidogo vya Kiingereza, in, on, with, from. Kitabu kilikuwa na maelezo marefu ambayo hakuna aliyeyashika. Madam Koku alikifunga kile kitabu, akaufunga na mlango, akatuambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa siri ya nyumbani:

"Kila kikundi cha namna hii kina bwana wake. Hakijitegemei. Ama kinalifuata jina la mtu au kitu, kikakwambia ni yupi, au ni kipi. Ama kinakifuata kitendo, kikakwambia kimefanyika wapi, lini, vipi, kwa kutumia nini. Ninyi kazi yenu ni kukiuliza: wewe ni wa nani?"

Akaanika sentensi. "My uncle from Bukoba sleeps on the floor." Mjomba wangu wa Bukoba hulala sakafuni. Akachukua kile kipande cha "from Bukoba", akakibana chini ya mjomba. "Mjomba yupi? Wa Bukoba." Akachukua "on the floor", akakibana chini ya kulala. "Analala wapi? Sakafuni." Kisha akavibadilisha kwa makusudi, mjomba akawa ni yule wa sakafuni, na usingizi ukawa unatokea Bukoba. Darasa zima lilicheka hadi mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Hata mimi, niliyekuwa nacheka kila mara kwa kuwafuata wenzangu, siku hiyo nilicheka kwa sababu nimeelewa. Sijui kama mmewahi kupata furaha hiyo, ya kucheka kwa mara ya kwanza ndani ya lugha ya watu.

Niliyekaa naye dawati moja alikuwa Doreen, kiranja wetu. Wazazi wake walitoka bara, baba karani, na nyumbani kwao walikuwa na redio iliyosema Kiingereza tu. Doreen alikuwa mtoto wa kunyooka. Kamba ya kiatu chake haikufunguka, nywele zake hazikuchomoza, na neno lake halikupinda. Akisema kelele zilipigwa na fulani, walimu hawakuuliza mara mbili. Alikuwa pia rafiki yangu, ingawa urafiki wenyewe ulikuwa wa yeye kusema na mimi kutikisa kichwa.

Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Saa ya uji, watoto wa chekechea hupanga foleni mbele, wakubwa nyuma. Siku hiyo mpishi alikuwa amezunguka nyuma ya jiko kuleta kuni, akauacha mwiko wake juu ya sufuria. Mwiko ule ulikuwa mkubwa kama kasia, wa mti mzito, mweupe nchani kwa uji ulioganda. Brayan wa darasa la sita akauchukua. Brayan hakuwa mtoto mbaya, alikuwa mtoto mwenye nguvu asizojua pa kuzipeleka. Akajifanya askari wa foleni. Akawa anawachapa wadogo miguuni kwa mpini, nao wakicheka na kuruka, hadi aliponyanyua ule upande wenye uji wa moto na kuukung'uta. Tone kubwa likamwangukia mtoto mmoja aitwaye Shafii, hapa, chini ya sikio. Shafii akafungua mdomo na sauti haikutoka. Mnaujua ule ukimya wa mtoto anayekusanya pumzi ya kulilia. Brayan akacheka, akauchovya tena mwiko.

Sikuwaza. Nilitoka kwenye foleni nikampiga kofi.

Kofi lenyewe lilikuwa la mkono mwembamba wa mtoto wa darasa la tano. Lakini Brayan alirudi nyuma, akakanyaga uji uliomwagika, akateleza, na nyusi yake ikakutana na ukingo wa saruji wa karo la bomba. Damu ya usoni ina vitisho vyake. Ilimshuka hadi kwenye kola. Mwiko ulimponyoka ukaja kulala miguuni pangu, na mwalimu wa zamu alipotokea akikimbia, alichokiona ni mvulana anavuja damu, msichana amesimama, na mwiko kando yake.

Brayan akakimbizwa zahanati kushonwa. Mimi nikapelekwa ofisini. Doreen akaitwa, maana alikuwa akitoka darasani na bakuli letu na aliona kila kitu.

Mwalimu Mkuu wetu alikuwa mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Aliiheshimu amri ya getini kuliko sisi. Akamuuliza Doreen kwa Kiingereza aeleze alichokiona, naye akasimama mikono nyuma, akasema kwa ufasaha wake wote: "Sir, she hit the boy with the big spoon."

Moyo wangu ukatua. Nilimshukuru Mungu kwa rafiki kama huyu. Nilikuwa nimetafuta kichwani mwangu jinsi ya kusema kwamba yule mvulana ndiye aliyekuwa na mwiko, nikakosa, na Doreen ameisema kwa pumzi moja: nimempiga yule mvulana mwenye mwiko.

Mwalimu Mkuu akanigeukia. Akanisomea maneno yale yale polepole, kwa Kiingereza hicho hicho. Ni kweli ulimpiga the boy with the big spoon?

"Yes, sir," nikasema. Kisha nikaona niongeze, ili asije akasahau sehemu muhimu, nikarudia kwa sauti ya mtu anayejitetea: "With the big spoon, sir! With the big spoon!"

Ndipo yeye mwenyewe akavunja amri ya getini, akaniambia kwa Kiswahili, "Nenda kachukue begi lako."

Nilifika nyumbani kabla ya adhana ya mchana, bila barua, na sikuihitaji, kwa sababu mwalimu wa zamu alinisindikiza akamweleza mama yangu mlangoni mwa chumba chake cha cherehani. Nimesimamishwa. Nimempiga mwenzangu kwa mwiko wa jikoni hadi ameshonwa. Nimekiri mwenyewe. Wazazi wa pande zote wataitwa, na yaelekea nitatafutiwa shule nyingine.

Mama alisubiri mwalimu aondoke. Akaweka mkasi chini.

"Asumini, umempiga mwenzio kwa mwiko?"

"Hapana, mama. Nimempiga kwa mkono. Mwiko alikuwa nao yeye."

"Mbona wanasema umekubali?"

"Nilikubali kwamba alikuwa nao!"

Mama hakuelewa, na mimi sikuweza kumweleza kwa sababu sikuelewa pia. Ila aliniamini. Kesho yake alivaa baibui lake zuri akaenda kwa Mwalimu Mkuu, akaamkia vizuri, akaeleza, naye akamjibu kwa adabu, kwa Kiswahili safi, kwamba kila mtoto akifika nyumbani hadithi hubadilika, ndiyo maana yeye huandika alichosikia ofisini. Mama akarudi. Alikaa kwenye cherehani bila kukanyaga pedali. Nilijua anafikiria ile sare, na miezi yote aliyojinyima.

Yaliyotokea shuleni nilipokuwa nyumbani nilisimuliwa baadaye na Doreen. Asubuhi ya gwaride Mwalimu Mkuu alitangaza kwamba mwanafunzi ametumia kifaa cha jikoni kama silaha. Doreen akashtuka. Baada ya gwaride akamfuata ofisini akamwambia yeye hakusema hivyo. Mwalimu Mkuu akamuuliza: ulisema au hukusema kwamba she hit the boy with the big spoon? Doreen akasema, nilisema. Basi unabadilisha maneno kumwokoa rafiki yako? Doreen akasema, sibadilishi, sir, ni yale yale. Akaambiwa afikirie vizuri, kwa sababu ama alidanganya jana, ama anadanganya leo, na kiranja mwongo shule haimhitaji.

Mtoto yule wa kunyooka alikwenda kujificha chooni, na huko ndiko Madam Koku alikomkuta, ameegemea ukuta, akirudia ile sentensi peke yake kama mtu anayetafuta kidonda mwilini mwake asikione.

Madam Koku akamwambia aiseme tena. Akaisema. Madam Koku akacheka, si cheko la dhihaka, la mtu aliyeona nyoka kumbe ni kamba. "Doreen, nenda kaoshe uso," akasema. "Kuna somo nataka kuliandaa."

Siku wazazi walipoitwa, nilikwenda na mama. Mama Brayan alikuwa ameshafika, mwanamke wa sauti na bangili nyingi, kakaa mbali na sisi, na Brayan kando yake na plasta juu ya jicho. Kabla hatujaingia ofisini, Madam Koku akaja. Akamwambia Mwalimu Mkuu kwamba yeye bado yuko kwenye kipindi cha majaribio, na hadi leo hajakaguliwa darasani, na leo ana somo ambalo angependa likaguliwe. Kama hatajali, wageni hawa nao waje wakae nyuma. Ni muda mfupi tu.

Mwalimu Mkuu alitazama saa yake. Lakini mwalimu mpya kuomba akaguliwe ni jambo adimu, na nadhani lilimfurahisha. Tukaingia wote darasa la tano. Nawaona hadi leo, Mwalimu Mkuu na tai yake amebanana kwenye dawati la watoto, magoti yamegusa kidevu, na nyuma yake mama zetu wawili, kila mmoja akitazama upande wake.

Madam Koku hakutaja kesi. Alianika vipande vitatu. "She hit." "The boy." "With the big spoon." Kila mtu darasani alijua sentensi hiyo imetoka wapi. Akakichukua kile kipande cha mwisho na kibanio chekundu.

"Hiki kina bwana," akasema, na kwa kuwa wageni walikuwepo alisema kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, na Mwalimu Mkuu hakumkataza. "Hebu tukiuliza. Wewe ni wa nani?"

Akakibana chini ya "hit". "Hapa kinafuata kitendo. Kinatuambia amempiga kwa kutumia nini. Mwiko uko mkononi mwa msichana."

Akakibandua, akakisogeza, akakibana chini ya "the boy". "Hapa kinafuata jina. Kinatuambia ni mvulana yupi. Mvulana mwenye mwiko. Mwiko uko mkononi mwa mvulana, na msichana hatujui alitumia nini."

Nilimsikia mama akivuta pumzi. Hajui Kiingereza, lakini kile kipande alikiona kikihama.

"Kiswahili chetu kina huruma," Madam Koku akaendelea. "Kina 'kwa' ya kufuata kitendo, na kina 'mwenye' ya kumfuata mtu. Ukisema tu, msikiaji ameshajua. Kiingereza hapa kinatumia neno moja kwa kazi zote mbili, kikakuachia wewe msikiaji uchague. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kweli tupu, na mwingine akasikia sawasawa kila neno, na bado wakaachana njiani."

Kisha akakibandua tena kile kipande, akakishika mkononi. Nilidhani ataniita mimi. Akamwita Doreen.

"Wewe ulipoisema, ulitaka kining'inie wapi?"

Doreen akaenda mbele. Kibanio kikamponyoka, akainama akakiokota. Akakibana chini ya "the boy". Akabaki amesimama pale ameupa mgongo darasa.

Madam Koku akageuka nyuma ya chumba. "Brayan, mwanangu. Mwiko alikuwa nao nani?"

Brayan akatazama miguu yake. "Mie, madam."

"We Brayan!" Mama Brayan akaruka na bangili zake zote. "Si uliniambia hukumbuki?"

"Hujaniuliza mwiko, mama. Umeniuliza nani kanipiga."

Kuna watoto waliotaka kucheka, wakajizuia. Mwalimu Mkuu alikuwa amejikwamua kutoka kwenye dawati. Akatembea hadi kwenye kamba, akasimama mbele ya vile vipande kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wake mwenyewe. Alikuwa mtu mkali, lakini nitamheshimu maisha yangu yote kwa alichokifanya. Alimgeukia mama yangu, mbele ya watoto wote, akasema, "Mama Asumini, nilisikia maana moja, nikadhani ndiyo pekee. Nakuomba radhi. Na wewe Doreen." Kisha akanitazama mimi. "Lakini kofi ulipiga?"

"Nilipiga, sir."

"Basi."

Basi hiyo ilimaanisha kwamba mimi na Brayan tulisugua lile sufuria la uji pamoja muhula mzima. Mwanzoni hatukusemezana. Baadaye tukawa tunashindana nani ataona uso wake kwanza kwenye kitako cha sufuria. Shafii alikuja kila siku kusimama kando yetu, kidoa cheupe chini ya sikio, akitutazama kana kwamba sufuria lilisuguliwa kwa heshima yake. Na amri ya getini, bila tangazo lolote, ikalegea upande mmoja: ofisini, mtoto mwenye shida aliulizwa kwa lugha atakayo.

Miaka yote hiyo nilisimulia kisa hiki kama kisa cha kuokolewa kwangu. Nilikisimulia chuoni, nilikisimulia kazini, maana siku hizi ninafanya kazi ya kutafsiri, na kila kirai kinachoanza na "with" hunifanya nisimamishe kalamu. Madam Koku alikuwa shujaa wangu, aliyehatarisha ajira yake ili mimi nibaki shule. Hilo ni kweli.

Lakini mwaka jana nilisikia amestaafu na amejenga huku huku Chanika, ana mihogo na kuku wachache. Nikamtembelea. Nikamkuta amevaa mabuti ya shamba, mrefu vile vile, na nywele nyeupe zilizomkaa vizuri. Nikamwamkia shikamoo, akaniambia marahaba Asumini kabla sijajitambulisha. Tulipokaa barazani nikamshukuru kwa yale ya zamani. Nikamwambia najua alihatarisha kazi kwa ajili yangu.

Akanitazama kwa upole, kama alivyokuwa akitutazama tukikosea kidogo.

"Wewe sikuwa na wasiwasi nawe sana," akasema. "Ungeumia, ndiyo. Lakini ungehama shule, na mama yako alikuamini tangu dakika ya kwanza, nilimwona anavyokushika mkono. Mie aliyeninyima usingizi ni Doreen. Yule alisema kweli, kwa neno sahihi, kwa sarufi sahihi, halafu kila mtu mzima akamwambia ni mwongo. Alishaanza kukubali, unajua? Siku ile chooni aliniuliza, madam, inawezekana mtu akadanganya bila kujua?"

Nilikumbuka nilivyoshangaa siku ile alipoacha kuniita mimi mbele, na nilivyomwonea wivu kidogo Doreen kwa kushika kile kipande katikati ya kesi yangu.

Doreen leo ni hakimu katika mkoa mmoja wa kusini. Nilimpigia simu kutoka pale pale barazani, nikampa Madam Koku azungumze naye. Sikusikia Doreen alisema nini. Nilisikia tu mwalimu akijibu, taratibu, mara mbili, "Hukudanganya, mwanangu. Hukudanganya hata kidogo."